Kwa nini vijana wetu wanapenda misimu (maneno ya mtaani) ya watu wa mbali?

BintiWete

Assalaam alaykum. Nawauliza wanaoijua lugha, na naomba mifano zaidi kuliko lawama. Hapa Wete, Pemba, na naamini Chake Chake na Unguja mjini ni hivyohivyo, mtoto wa miaka 14 anawaamkia wenziwe "niaje msee", akiridhika anasema "fiti", akiudhika "unanizingua", akiapa "wallahi broo". Nairobi hajafika, Dar hajafika, Maskati hajafika. Maneno ya kwao, ya Kipemba hasa, anayaonea haya mbele ya wenziwe.

Nataka kujua maneno haya yanamfikiaje, kwa nini ayapende kuliko aliyozaliwa nayo, na mzazi au mwalimu afanye nini zaidi ya kugombeza. Tafadhali msiniambie "ni simu" tu mkanyamaza.

Kibarazani

Waalaykum salaam dada. Hebu tuyapambanue kwanza, mana hayo uliyoyataja hayakutoka mahala pamoja.

"Niaje" na "msee" ni Sheng. Sheng imekomaa katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, ambako watoto wa makabila mbalimbali walikulia pamoja, kila mmoja ana lugha ya mama yake, wakahitaji lugha isiyo ya mzazi wa yeyote kati yao. "Niaje" ni "ni aje" iliyobanwa. "Msee" ni mzee aliyevuliwa umri akafanywa rika. Ukisikia "buda", huyo ni mzee kwa Kihindi. Yanavuka bahari kwa muziki, kisha kwa video fupi za kuchekesha, na mtoto hulishika neno pamoja na sauti yake na mkono unavyopungwa likisemwa.

"Unanizingua" ni ya Dar, nayo imekuja na bongo fleva. Lakini neno lenyewe ni la zamani huku kwetu. Kuzingua ni kazi ya mganga, kumfungua mtu uchawi, na zinguo ni hiyo shughuli yenyewe. Kijana wa Dar amelipindua: aliyezinguliwa kwake ni aliyeharibiwa mambo, wala si aliyetengenezwa. Bibi akisikia "mwalimu kanizingua" ana haki ya kushituka. Basi si kila neno linalotoka nje ni geni. Jengine ni la kwetu, limesafiri likarudi na maana nyengine.

Na "wallahi broo"? "Wallahi" ni yetu karne nyingi. Kigeni ni "broo" peke yake, nayo imekaa pale pale alipokuwa amekaa "yakhe". Yakhe yenyewe ni "ya akhi" ya Kiarabu, ewe ndugu yangu. Babu alichukua neno la kumwitia ndugu kutoka kwa watu waliokuwa na mvuto zama zake, na mjukuu kafanya vivyo hivyo. Hali kadhalika "skuli", ambayo tunajivunia kuwa ndiyo alama yetu mbele ya "shule" ya bara: skuli ni Kiingereza, shule ni Kijerumani.

Sasa sababu. Wengi husema vijana wanaiga kwa kudharau chao. Mimi siamini hivyo. Kijana haazimi neno, anaazima mtu. Anaposema "niaje msee" hataki kuwa Mkenya; anataka ule wepesi, ule ujanja, kule kutokuogopa anakokuona kwa msanii wa Nairobi, na neno ndilo kipande cha mtu yule kinachoweza kubebeka bure. Ben Rampton, mtafiti wa Uingereza, aliandika mwaka 1995 juu ya vijana wa mji mmoja wa huko: watoto wa Kizungu wakitumia Kipunjabi na Krioli ya Wajamaika, watoto wa asili ya Asia nao wakitumia Krioli. Hawakuyatumia siku nzima. Yalitoka kwenye mchezo, kwenye kutaniana, kwenye kumjaribu mkubwa. Msikilizeni mtoto wa Wete muone kama hamkukuta hayo hayo: haombi chakula kwa Sheng, wala hasemi Sheng akiumwa.

Kuna na jambo la kwetu peke yetu ambalo halizungumzwi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa kijana wa Nairobi, sanifu ni lugha ya darasani, na lugha ya mtaani ni yake. Kijana wa Unguja mjini amezaliwa na kitu kilicho karibu kabisa na kitabu. Akitaka lugha ambayo mwalimu hanayo, mama hanayo na mtangazaji wa redio hanayo, ataitoa wapi? Lazima aagize. Kijana wa Pemba ana lahaja yake ambayo haimo kitabuni, na ingemfaa sana kwa kazi hiyo, lakini akisema "kyangu" badala ya "changu" wenziwe wa mjini wanacheka. Kwa hiyo anaikimbia lahaja kwa sababu inachekwa, na sanifu kwa sababu ni ya wakubwa. Anatua kwenye Sheng, ambako hakuna wa kumcheka.

Wala si mara ya kwanza. Mwanzoni mwa karne ya 20 vijana wa pwani hii walicheza beni, jina lililotoka kwenye neno la Kiingereza la bendi, wakajigawa vyama kama Marini na Arinoti, wakavaa sare za kijeshi na kupeana vyeo vya Kizungu. Wazee wa siku zile nao walisikitika. Leo beni ikipigwa harusini Unguja tunaiita mila.

Mwalimu_wa_Kiswahili

Nataka kuongeza kwenye alichosema Kibarazani upande wa sarufi, kwa sababu hofu nyingi za wazazi zinatoka kwa kutazama shina la neno na kusahau mwili wake.

Chukueni sentensi ya kijana wa mjini: "Nshamposti, hajanilaiki bado." Mashina mawili ni ya Kiingereza. Kila kilichobaki ni cha Unguja. "N-" ni nafsi, "-sha-" ni kukamilika, "-m-" ni mtendwa, na "-i" ya mwisho ni irabu tuliyoitia sisi kwa sababu neno letu halipendi kuishia konsonanti. Wa Dar angesema "nimeshamposti". Kumbe hata akitumia neno la Marekani, kijana wetu bado anasikika Mzanzibari, na hajui. Majina nayo ni hivyo: msee wasee, mchizi wachizi, demu mademu. Msela ni "sailor" wa Kiingereza aliyevishwa "m-" ya watu, na wingi wake wasela, kama vile babu zetu walivyoisikia meli ya kivita ya Mwingereza wakaiita manowari. Lugha inayoweza kumvisha mgeni kanzu namna hii si mgonjwa.

Hata mbinu za kuunda misimu tulikuwa nazo. Kinyume, ule mchezo wa kutanguliza silabi ya mwisho, kesho ikawa "shoke" na nyumba ikawa "mbanyu", ni mchezo wa kale wa Waswahili. Vijana wa Ufaransa wana wao wa namna hiyo, uitwao verlan. Mtoto anayependa lugha ya siri anaweza kufundishwa kinyume kwa dakika kumi, na mara nyingi hukipenda kwa sababu ni kigumu kukifuata kikisemwa haraka.

Sasa kazi ya darasani. Misimu na rejesta (lugha inavyobadilika kwa mahala na kwa watu) zimo kwenye mafunzo ya Kiswahili ya sekondari, basi mwalimu hafanyi kitu cha pembeni. Utaratibu unaofaa ni huu. Kila kundi la wanafunzi watano lipewe daftari moja. Kwa wiki waandike maneno yasiyozidi kumi. Wakiandika arubaini wataorodhesha tu bila kufikiri. Kila neno liwe na safu tano: neno, maana, limetoka wapi, nani humwambia nani, na neno la kwetu lenye kazi hiyo hiyo. Safu ya nne ndiyo somo. Hapo mtoto anagundua mwenyewe kwamba "msee" hamwambii babu yake, na hakuhitaji kuambiwa. Wiki ya tatu wayapange kwa makundi ya kitabuni: misimu ya pekee inayojulikana na kikundi kidogo, ya kitarafa inayojulikana eneo fulani, na zagao iliyoenea kila mahala. "Poa" wataiweka zagao bila ubishi. "Msee" kwa Pemba watagombana, na ugomvi huo una faida kubwa.

Kisha zoezi la ujumbe mmoja kwa watu watatu. Jambo liwe moja: leo siwezi kuja.

Kwa rafiki: "Oya mwana, leo siji, ishu imekaa vibaya. Tucheki kesho."

Kwa mjomba: "Shikamoo mjomba. Leo sitoweza kuja, nimepata dharura. Ntakuja kesho inshaallah baada ya laasiri."

Kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa: "Mheshimiwa Sheha, naomba radhi kwa kutohudhuria kikao cha leo kutokana na dharura iliyonipata. Naomba kupangiwa siku nyengine."

Akiweza yote matatu, muacheni na misimu yake. Asipoweza la tatu, dawa ni kumfundisha barua, kwa sababu kumnyang'anya "oya" hakutampa "naomba radhi".

Yanayoharibika ni haya. Mwalimu kupiga marufuku maneno kumi: baada ya wiki yapo kumi mengine asiyoyajua, na sasa yana utamu wa kukatazwa. Mwalimu kuyatumia mwenyewe ili apendwe: darasa linanyamaza, na neno hilo linakufa siku ile ile, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kumuweka yeye nje. Kumsahihisha mtoto mbele ya wenziwe: hapo mtoto anatetea hadhi yake, lugha haimo tena. Na kosa baya kuliko yote ni kumcheka anayesema Kipemba darasani halafu kumlaumu kwa kusema Sheng.

PwaniMashariki

Nyote mmezungumzia muziki na skuli, lakini huku pwani ya kaskazini mashariki ya Unguja, Kiwengwa hadi Nungwi, njia ya maneno ni nyengine: ni biashara.

Papasi, kijana anayewafuata watalii kuwauzia vitu na safari (jina limetoka kwa kile kidudu kinachong'ang'ania ngozi, na vijana wenyewe wengi hawalipendi) anajifunza maneno kwa mpangilio wa mauzo. Kwanza salamu, pili bei, tatu mzaha. Kiwengwa, ambako Wataliani ni wengi, utasikia "chao" na "amiko" kwa kijana asiyejua sentensi moja kamili ya Kitaliani. Yanatosha kumsimamisha mgeni hatua tatu, na hatua tatu ndizo anazozihitaji. Hapo neno ni chombo cha kazi kama ndoana. Kulichanganya na la yule mtoto wa Wete anayetaka kupendwa na rika lake ni kosa, mana huyu wa pwani akifika nyumbani jioni analiacha mlangoni.

La pili ni urasta. "Babiloni", "irie" (mambo mazuri), "bredreni" (ndugu), yote ni ya Jamaika, na mengi yametoka kwenye dini. Rastafari ilianza Jamaika miaka ya 1930, baada ya Haile Selassie kuvishwa taji mwaka 1930, na Babiloni kwao ni utawala uliowakandamiza tokea utumwa. Kijana wa pwani anayemwita polisi Babiloni kwa mzaha hajakosea sana. Lakini anayetia misuko na kusema maneno hayo ili auze safari ya pomboo anauza dini ya watu, na akikutana na Mjamaika mwenyewe hatakosa kuulizwa.

La tatu ni zito na nataka wazazi walijue. Katika nyimbo za kufoka za Marekani limo neno ambalo mabwana waliwatukania Waafrika tangu utumwa. Wenyewe kwa wenyewe wamelipindua, wanaitana nalo kwa mapenzi. Vijana wetu wanalisikia mara mia kwenye wimbo mmoja wanadhani ni "mshikaji", kisha wanamwita nalo mgeni Mmarekani mweusi, au wanacheka mgeni mweupe akiwaita wao nalo. Maana ya neno lile haimo kwenye herufi zake, imo kwenye nani anamwambia nani. Kwa watu wa kisiwa ambacho soko lake la watumwa lilifungwa mwaka 1873, kulieleza hili kwa kijana hakuhitaji maneno mengi. Mwambieni tu lilikotoka.

Na wageni nao wanaazima kwetu, tena vibaya. "Jambo" na "hakuna matata" ni Kiswahili cha watalii. Sisi kwa sisi ni "hujambo" au "mambo", na "hapana tabu" au "hakuna shida". Kijana anayekaa hotelini sana huanza kuwasemesha hata jamaa zake hivyo, na hilo ndilo neno la kigeni ambalo hakuna anayelilalamikia, kwa sababu linavaa nguo za Kiswahili.

Nitie na mfano mmoja wa mbali. Mwaka 1963 William Labov alichapisha utafiti wake wa Martha's Vineyard, kisiwa cha Massachusetts kinachojaa wageni kila kiangazi. Vijana waliokusudia kubaki kisiwani waliongeza matamshi ya wavuvi wa zamani. Waliokusudia kuhama hawakufanya hivyo. Lugha ilikwenda na mahala kijana anapojiona kesho. Mkitaka mtoto asione haya kwa Kipemba, mumuonyeshe kesho yake iliyomo Pemba.

MzeeKonde

Nimesoma yote, na Kibarazani nampa haki yake, lakini anapita haraka mahala ambapo mimi nasimama. "Broo" ikichukua nafasi ya "yakhe" hatukupoteza kitu, maana ni ile ile. Kinachonitia uchungu ni maneno ambayo misimu haina badala yake. Hakuna Sheng ya bamvua (maji makubwa ya bahari) na maji mafu (maji madogo). Hakuna neno la bongo fleva la matlai (upepo wa mashariki) au maleleji (kipindi cha pepo kugeuka). Mtoto anayajua majina ishirini ya fedha, jero na buku na mkwanja, na hawezi kukwambia leo maji yanajaa au yanakupwa. Maneno hayo hayakufukuzwa na misimu. Yamekufa kwa kuwa mtoto hakupelekwa pwani.

Basi kwa aliyeuliza afanye nini, mimi nasema arekodi. Simu hiyo hiyo inayolaumiwa inatosha. Chagua mzee mmoja na kazi moja: kusuka ukili (mkeka wa ukanda wa miyaa), kutega dema (mtego wa samaki), kuanika karafuu. Usimuulize "nambie maneno ya Kipemba", atakwambia matatu asimame. Mpe kitu mkononi afanye, mjukuu aulize "hiki nini, na hiki, na ukikosea inakuwaje?" Dakika ishirini zinatosha; zaidi ya hapo mzee anachoka. Weka simu karibu na mdomo wake, kama shubiri mbili, na kaeni mbali na upepo, mana upepo wa pwani huzima sauti yote. Siku hiyo hiyo mtoto aandike alivyosikia, kama alivyotamka mzee, asisanifishe. Akisanifisha, kazi imeharibika. Kisha alinganishe na kamusi, kwani BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, imeshatoa kamusi za Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi, na lile asilolikuta alitie alama.

BintiWete

Ahsanteni sana, nimefaidika kuliko nilivyotarajia. Zoezi la ujumbe watu watatu nitalipeleka skuli. Limebaki swali moja ambalo Mwalimu hakuligusa: vipi nitajua neno ni mtindo tu au ni dalili ya jambo baya? Kuna maneno wanayasema kisha wanatazamana.

Mwalimu_wa_Kiswahili

Swali zuri dada. Kutazamana peke yake si dalili, mara nyingi ni mambo ya kupendana. Sikiliza neno linazungumzia nini, usisikilize limetoka wapi. Misimu ya mtindo huenda kwenye salamu, mavazi, mpira, fedha ndogo, wasichana na wavulana, na hubadilika upesi. Misimu ya madawa imetulia zaidi na inajulikana: "unga" ambao si wa ngano, "kete" ambayo si ya bao, "teja" ni aliyekwishatekwa, na "arosto" ni yale maumivu ya kuukosa.

Mtoto akisema "teja" kumtukana mwenziwe, hilo kalisikia njiani kama kila mtu. Akisema kete kwa bei na kwa idadi, au akamueleza mtu aliye kwenye arosto kwa undani, pua inatoka kamasi, mifupa inauma, usingizi hapati, hiyo ni habari ya mtu aliyekuwepo. Usimuulize neno lile umelitoa wapi, atajifunga. Muulize "huyo rafiki yako anaendeleaje?" halafu unyamaze, umpe muda wa kujibu.